Kwa Nini Cha Leo Hutushinda: Historia ya Peremende, Subira na Chanjo ya Mtoto

Kama una mtoto mgongoni, mpakate. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo, uketi. Leo sitaanza na ugonjwa. Leo nitaanza na peremende. Tutapitia nchi kadhaa na miaka zaidi ya 60, kisha tutarudi hapa nyumbani, kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto wako.

Swali letu la leo ni hili: Kwa nini binadamu, akiwekewa kitu kidogo leo na kikubwa kesho, mara nyingi huchukua kile kidogo cha leo?

Usidhani swali hili ni la wasomi tu. Ni letu sisi. Unajua kwamba mtoto akimaliza chanjo zake zote atakuwa na kinga. Lakini siku ya kliniki imeangukia siku ya soko. Unajua kwamba maziwa ya mama pekee yanamtosha mtoto kwa miezi 6 ya kwanza. Lakini usiku huu analia, na bibi anasema mpe uji kidogo alale. Mgonjwa wa kifua kikuu anajua dawa ni za miezi 6. Lakini baada ya wiki chache kikohozi kimepungua, mwili umepata nguvu, na dawa zinakaa juu ya kabati.

Angalia jambo hili kwa makini. Faida ya chanjo ni ugonjwa ambao haukuja. Hakuna mtu anayeuona ugonjwa ambao haukuja. Lakini gharama ya kwenda kliniki inaonekana leo hii: nauli, foleni, jua, mtoto kulia na kupata homa kidogo usiku. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Faida ya chanjo ni fimbo ya mbali. Soko la leo ni fimbo iliyo mkononi.

Kwa miaka mingi sisi wauguzi tulikuwa na jibu moja kwa mama aliyekosa kurudi kliniki. Tulisema ni uvivu. Tulisema ni kutojali. Nami nilisema hivyo. Baadaye nitakueleza jinsi nilivyokosea. Kwanza tusikie historia.

KIJIJI CHA TRINIDAD

Mwanzo wa hadithi yetu ni Trinidad, kisiwa cha bahari ya Karibi. Katika miaka ya 1950 kijana mmoja msomi wa saikolojia kutoka Marekani alikuwa akienda huko wakati wa likizo kufanya utafiti. Jina lake Walter Mischel. Alizaliwa Vienna, nchini Austria, mwaka 1930, na familia yake ya Kiyahudi ilikimbia utawala wa Wanazi akiwa bado mtoto. Kwa hiyo alijua mapema kwamba kesho ya mtu inaweza kunyang'anywa.

Katika kijiji alichofikia waliishi watu wa asili ya Afrika na watu wa asili ya India. Na kama ilivyo kwa majirani wengi, kila upande ulikuwa na maneno juu ya upande mwingine. Hawa walisema, "Wale hula raha leo na hawaifikirii kesho." Wale walisema, "Hawa huficha pesa chini ya godoro wala hawajui kuishi." Umewahi kusikia maneno ya namna hiyo hapa kwetu? Bila shaka umesikia.

Mischel hakutaka kubishana. Alienda shuleni akawapa watoto wa miaka 7 hadi 9 chaguo rahisi. Unataka peremende hii ndogo sasa hivi, au ile kubwa ya bei ya mara 10 nikirudi wiki ijayo? Mwaka 1958 alichapisha aliyoyapata. Watoto wa makundi yale mawili walichagua kwa tofauti, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililohusiana sana na uchaguzi wa mtoto, nalo ni kama baba yake anaishi nyumbani au haishi. Watoto wasioishi na baba walichukua zaidi peremende ndogo ya papo hapo.

Kwa nini? Hebu fikiria kama mtoto. Mwanamume mgeni anakuambia, "Ningoje, nitarudi wiki ijayo na kubwa." Kama mtoto hajazoea kuona mwanamume akiahidi na kurudi, kwa nini amwamini huyu? Mischel mwenyewe aliona kwamba imani ni sehemu ya subira. Tulishike neno hilo, imani, maana dunia ililisahau kwa muda mrefu.

CHUMBA CHENYE KENGELE

Miaka michache baadaye Mischel alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Ndani ya chuo hicho kuna shule ya chekechea iitwayo Bing. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1974, yeye na wenzake waliwajaribu watoto zaidi ya 550 hapo.

Jaribio lilikuwa hivi. Mtoto wa miaka 4 au 5 anaingizwa katika chumba kidogo. Mezani kuna kitu anachokipenda: biskuti, au peremende laini nyeupe iitwayo marshmallow. Mwalimu anamwambia, "Mimi natoka. Ukiningoja mpaka nirudi, utapata mbili. Ukishindwa, piga kengele hii, nitakuja mara moja, lakini utapata moja tu." Kisha mlango unafungwa. Mtoto anabaki peke yake na peremende yake. Kungoja kwenyewe kulikuwa kama robo saa, lakini kwa mtoto mdogo hiyo ni safari ya kutoka Mombasa hadi Kisumu.

Watoto walifanya vituko. Wengine walifunika macho kwa mikono. Wengine waligeuza kiti wakaitazama ukuta. Wengine waliimba, wengine walizungumza na vidole vyao. Na wengine, mara tu mlango ulipofungwa, wakapiga kengele.

Sasa sikiliza, mlezi, maana hapa kuna dawa. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 1970, watoto walioachiwa peremende mbele ya macho walishindwa haraka. Kwa wastani walisubiri dakika 1 hivi. Wale ambao vitu vilifunikwa walisubiri kwa wastani zaidi ya dakika 11. Mwaka 1972 Mischel na wenzake walionyesha pia kwamba mtoto aliyeambiwa afikirie jambo la kufurahisha alisubiri muda mrefu kuliko yule aliyekuwa akiiwazia peremende.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mtoto aliyesubiri hakuwa na moyo wa chuma. Alikuwa na njia. Alikiondoa kile kinachomvuta mbele ya macho yake. Kilicho karibu na kinachoonekana hutuvuta kuliko kilicho mbali na kisichoonekana, sisi sote, mkubwa na mdogo.

Wataalamu wa uchumi nao wameona jambo hilo hilo kwa pesa. Nikuulize: utachukua shilingi 100 leo au 120 kesho? Wengi watasema, "Lete 100 yangu." Haya, utachukua shilingi 100 baada ya siku 30 au 120 baada ya siku 31? Hapo wengi watasema, "Siku moja tu? Nitangoja." Lakini mama, kungoja ni kule kule, siku moja. Kilichobadilika ni neno "leo". Leo ina nguvu kuliko siku zote nyingine. Ndiyo maana mwezi uliopita uliahidi kwa moyo mweupe kwamba utarudi kliniki, na hukuwa unadanganya. Ila siku yenyewe ilipofika, ikawa leo.

JINA BAYA LA WATU MASKINI

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Lakini Mischel na wenzake waliendelea kuwafuatilia baadhi ya watoto wale wa Bing. Mwaka 1990 walichapisha kwamba waliosubiri zaidi walipokuwa wadogo walifanya vizuri zaidi katika mitihani walipofika ujana. Habari zikaenea dunia nzima. Watu wakaanza kusema: aliye na subira hufaulu, asiye nayo hushindwa. Na wengine wakaongeza: maskini ni maskini kwa sababu hawezi kungoja.

Uliona yalivyogeuka? Yale maneno ya kijijini Trinidad yakarudi, sasa yamevaa koti la kisayansi.

Kumbuka watoto wa Bing walikuwa akina nani. Wengi wao walikuwa watoto wa walimu na wanafunzi wa chuo kikuu kikubwa. Nyumbani kwao chakula kilikuwepo jana, kipo leo, na kesho kitakuwepo. Mwaka 2018 watafiti watatu, Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan, waliangalia watoto zaidi ya 900 wa Marekani wa hali mbalimbali, wengi wao wakiwa watoto wa akina mama ambao hawakumaliza chuo. Waliona uhusiano kati ya kusubiri na kufaulu, lakini ulikuwa mdogo, kama nusu ya ule wa zamani. Walipozingatia hali ya nyumbani na malezi, sehemu kubwa ya uhusiano huo ilitoweka. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile tulichokiita subira ya mtoto ilikuwa ni hali ya nyumba alimokulia.

AHADI NI DENI

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa mwaka 2013, na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Lilikuwa dogo, watoto 28 tu, lakini lina somo kubwa.

Kabla ya peremende, mtoto alipewa karatasi ya kuchora na kalamu za rangi zilizochakaa. Mtu mzima akamwambia, "Ukingoja, nitakuletea nzuri zaidi." Kwa nusu ya watoto, mtu yule alirudi kweli na kalamu nzuri nyingi. Kwa nusu nyingine, alirudi mikono mitupu: "Pole, kumbe hatuna." Akarudia mchezo huo huo kwa stika za kubandika. Nusu wakaletewa, nusu wakaambiwa tena, "Pole, hatuna."

Ndipo peremende ikaletwa. "Ukiningoja, nitakuletea mbili."

Watoto waliokuwa wametimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika 3. Katika watoto 14 waliotimiziwa, 9 walifika mwisho wa dakika 15. Katika 14 waliodanganywa, alifika mmoja tu.

Watoto wale waligawanywa kwa bahati tu, hawakuchaguliwa kwa tabia zao. Kilichowatenganisha ni dakika chache za kutimiziwa au kutotimiziwa ahadi. Je, yule aliyekula peremende haraka alikuwa mjinga? Hapana. Alikuwa na akili timamu. Alijifunza kwamba mtu huyu akisema ngoja, hakuna kitu.

Na wale wanaodhani kwamba watoto wa Afrika hawawezi kusubiri, wasikie hili. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa miaka 4 wa Ujerumani na watoto wa wakulima wa Nso, nchini Cameroon. Watoto wa Nso hawakuwekewa marshmallow. Waliwekewa andazi dogo la kukaanga wanalolipenda huko. Karibu 70 kwa kila 100 ya watoto wa Nso walisubiri muda wote. Wa Ujerumani walikuwa 28 kwa kila 100. Wengi wa watoto wa Nso walikaa kimya kwenye kiti, na kuna waliosinzia kabisa wakingoja! Watoto wetu wanajua kungoja, mama. Wamefunzwa kungoja wakubwa wale, kungoja mgeni aondoke, kungoja zamu yao.

RUDI JUMATANO

Sasa nikueleze kosa langu.

Nilikuwa bado mpya kazini, katika zahanati moja ya mashambani. Alikuja mama mmoja, mwuza sukuma wiki na nyanya, na mtoto wake wa miezi 9, kwa chanjo ya surua. Chupa moja ya chanjo hiyo huwa na dozi 10, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa 6, inayobaki humwagwa. Siku ile walikuwa watoto wawili tu. Nikamwambia, "Mama, watoto hawajatosha. Rudi Jumatano." Akarudi Jumatano. Jumatano chanjo zilikuwa zimeisha. Nikamwambia, "Pole, hatuna. Rudi wiki ijayo." Wiki iliyofuata hakurudi.

Niliandika kwenye daftari kwamba amepotea. Na kwa wenzangu nikasema, "Akina mama wa hapa hawajali."

Miezi kadhaa baadaye mtoto aliletwa. Macho mekundu, vipele mwili mzima, kifua kinabana. Ilikuwa surua. Tulimpeleka hospitali, akalazwa, na tunamshukuru Mungu alipona. Nikiwa na hasira nilimwuliza mama yule, "Kwa nini hukurudi?" Akaniangalia, akasema kwa upole, "Sista, nilirudi. Nilifunga kibanda siku mbili nikarudi. Siku ya tatu watoto walihitaji kula."

Nilinyamaza. Sikuwa na la kusema. Miaka baadaye niliposoma juu ya wale watoto wa Rochester na zile kalamu za rangi, nilimkumbuka yeye. Mimi ndiye niliyekuwa yule mtu mzima anayerudi mikono mitupu: "Pole, hatuna." Kisha nikamlaumu mtoto kwa kula peremende.

Leo nikiulizwa, nasema heri dozi chache zimwagike kuliko mtoto mmoja kurudi nyumbani bila kinga.

KILO MOJA YA KAMANDE

Je, kuna waliojaribu kurekebisha mambo? Wapo. Twende India, wilaya ya Udaipur, jimbo la Rajasthan. Huko watoto wachache sana walikuwa wakikamilisha chanjo. Shirika la huko liitwalo Seva Mandir, pamoja na watafiti Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao, walijaribu njia mbili katika vijiji 134. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Katika vijiji vya kwanza, waliweka kambi ya chanjo kila mwezi, siku inayojulikana, bila kukosa. Katika vijiji vya pili, waliweka kambi hiyo hiyo na kuongeza kitu kidogo: kila mama akileta mtoto kuchanjwa anapewa kilo moja ya kamande. Mtoto akikamilisha chanjo zote, mama anapewa seti ya sahani za chuma. Vijiji vya tatu viliachwa kama vilivyokuwa.

Katika vijiji vilivyoachwa, watoto 6 kwa kila 100 walikamilisha chanjo. Penye kambi ya uhakika, 18. Penye kambi na kamande, 39.

Zitazame hesabu hizo polepole. Kutoka 6 hadi 18, hiyo ni kazi ya ahadi iliyotimizwa. Mama alijua akienda atamkuta muuguzi na chanjo. Kutoka 18 hadi 39, hiyo ni kazi ya kamande, yaani kitu cha leo kilichowekwa kando ya faida ya kesho. Na jambo la kushangaza, gharama kwa kila mtoto aliyekamilisha ilikuwa ndogo zaidi penye kamande, kwa sababu muuguzi yule yule alihudumia watoto wengi zaidi kwa siku.

Kamande haikununua mapenzi ya mama. Kila mama alikuwa anampenda mtoto wake tangu mwanzo. Kamande ililipia siku yake.

HAPA KWETU

Hapa Kenya nako kumejaribiwa. Katika vijiji vya Siaya, watafiti waliwatumia akina mama ujumbe mfupi wa simu kuwakumbusha siku ya chanjo. Wengine walitumiwa pia pesa kidogo kwa simu kila chanjo ilipopewa kwa wakati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mahali ambapo hakukuwa na ujumbe wala pesa, watoto 82 kwa kila 100 walikuwa wamekamilisha chanjo walipotimiza mwaka. Mahali penye ujumbe na shilingi 200, walikuwa 90. Unaona kwamba akina mama wa Siaya walikuwa wakijitahidi sana hata bila pesa. Wale waliobaki walihitaji kusukumwa kidogo tu.

Na hili litawafurahisha wanachama wa vyama. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama vya kuweka na kukopa zamu kwa zamu, vile tunavyoviita merry-go-round, katika magharibi ya Kenya. Wanachama wengine walipewa sanduku dogo la chuma lenye kufuli, waweke humo pesa za mambo ya afya. Ufunguo walikaa nao wenyewe! Hakuna aliyewazuia kufungua. Lakini baada ya mwaka mmoja, matumizi yao ya kujikinga na magonjwa, kama vile kununua chandarua, yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya asilimia 60. Vyama vilivyochanga chungu cha pamoja kwa ajili ya afya vilifanya vizuri zaidi. Matumizi hayo yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Hayo yalichapishwa mwaka 2013.

Kwa nini sanduku lilisaidia na ufunguo uko mfukoni? Kwa sababu pesa ilikuwa imepewa jina. Jirani akija kukopa, unaweza kusema, "Hii ni ya chandarua." Na ikiwa ndani ya sanduku haikuiti kama ikiwa mkononi. Ni ile ile ya mtoto wa Bing aliyefunika macho.

BASI TUFANYE NINI?

Mama, mlezi, sikukuletea historia hii ili upumbazike tu. Imetufunza mambo mawili. Binadamu husubiri anapoamini ahadi. Na binadamu husubiri vizuri zaidi anapopata kitu kidogo njiani. Tuyatumie hivi.

Kwanza, timiza ahadi kwa mtoto. Ukimwambia, "Ukimaliza uji nitakupa ndizi," mpe ndizi. Kama huna ndizi, usiahidi ndizi. Na usimwambie mtoto kwamba sindano haiumi. Mwambie itauma kidogo kisha itaisha, na utakuwa umemshika.

Pili, weka kitu cha leo kando ya cha kesho. Siku ya kliniki iwe na utamu wake. Nenda na jirani mwenye mtoto wa umri huo, mpige gumzo kwenye foleni. Mkitoka, mnunulie mtoto aliyefikisha umri wa kula kile anachokipenda. Mwambie baba aandae chai mrudipo.

Tatu, ondoa kishawishi machoni. Nauli ya kliniki usiiweke pamoja na pesa za mboga. Itie kwenye mkebe wake, uipe jina. Kwenye chama chenu, ongeeni juu ya chungu cha afya.

Nne, ijue ratiba. Chanjo za utotoni ziko siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18, na maeneo mengine yana za ziada. Mwulize muuguzi aandike tarehe ya kurudi kwenye kijitabu chako.

Tano, ukichelewa, njoo tu. Hutafukuzwa kwa sababu umechelewa. Mtoto haanzi upya, muuguzi huendelea pale mlipoachia. Nami nakuomba, usingoje mpaka uone haya imekwisha, maana surua haingoji.

Sita, tudai sisi wauguzi. Ukiambiwa, "Hatuna, rudi," uliza, "Nirudi siku gani, na nitajuaje kama chanjo imefika?" Omba nambari ya simu ya zahanati. Mwulize mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chako kabla hujapanda matatu. Hilo si kiburi. Ahadi ni deni, na mdeni hukumbushwa.

Na wenzangu wauguzi mnaosoma kijitabu hiki, neno langu kwenu ni fupi. Kabla ya kuandika kwamba mama amepotea, tujiulize ni mara ngapi alikuja tukamrudisha.

Wazee walisema subira huvuta heri. Ni kweli. Lakini kamba ya kuvutia heri hiyo ina ncha mbili. Mama anashika moja, na sisi tunaomwambia "ngoja" tunashika ya pili. Sisi tukiachilia, mama atavuta nini?

Mpaka tukutane tena, mbusu mtoto, na leo hii, kabla hujalala, kifungue kile kijitabu uangalie tarehe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ni jambo gani la afya uliloahidi kulifanya, na siku ilipofika likakushinda? Ni nini kilichokuvuta siku ile?
2. Umewahi kurudishwa kutoka kliniki bila huduma? Ulijisikiaje, na ulirudi tena?
3. Chama chenu kinaweza kufanya nini ili mama asikose nauli siku ya chanjo?